Aliyebomolewa na mvua asirudishwe kwenye tofali bichi

Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo mkali viliipiga Mwakata, wilayani Kahama, Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, wengi wao wakiangukiwa na kuta za nyumba zao wakiwa usingizini.

Tofali bichi likiwa kavu ni gumu. Likiloa kuanzia chini hulainika, na ukuta usio na msingi wa mawe hulala chini pamoja na paa lake.

Misaada ilifika, na Rais Jakaya Kikwete alikwenda kuwapa pole wahanga. Lakini mkulima hakai hifadhini muda mrefu huku shamba likimsubiri. Hurudi kwenye kiwanja chake, na akirudi mikono mitupu hufyatua tofali lilelile lililomfukia jirani yake.

Hatari hiyo si ya Mwakata pekee. Nkome, kando ya Ziwa Victoria mkoani Geita, haipigwi na vimbunga vya bahari kama Idai, kilichoibomoa Beira, Msumbiji, Machi 2019. Hata hivyo, dhoruba za ziwani wavuvi wake wanazijua vizuri.

Halmashauri ya Wilaya ya Geita hupata fedha za uwajibikaji wa kijamii kutoka mgodi wa dhahabu wa GGML. Itenge fungu la saruji, mawe ya msingi na mafunzo kwa mafundi wa vijijini. Madiwani nao wadai fungu hilo kwenye bajeti ijayo, kabla mvua haijabisha hodi.