Mangina: Maji safi karibu na nyumba ni saa za kazi, lakini nani atayatunza?

UCHAMBUZI. Wakati wa Ebola, maji hayakukosekana mlangoni mwa zahanati, makanisa, shule na vizuizi vya barabarani huku Beni na Mangina. Kila mahali palikuwa na ndoo yenye robine, maji yaliyotiwa klorini na mtu wa kukuambia: nawa mikono kwanza. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na kitovu chake kilikuwa Mangina, katika kanda ya afya ya Mabalako, karibu kilomita 30 magharibi mwa mji wa Beni. Ulipotangazwa kwamba umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2.200.

Maji yale yalikuwa ya kunawa. Ya kunywa, kupika na kufua, mama aliendelea kuyafuata na bidoni. Ndiyo maana wakaaji wengi waliuliza: kama pesa za Ebola zipo, mbona za mahitaji yetu ya kila siku hazipo? Swali hilo halikufa pamoja na ugonjwa.

Tufanye hesabu ndogo. Mashirika ya misaada hutumia kipimo cha lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, na hicho ni kiwango cha chini cha wakati wa dharura. Familia ya watu saba inahitaji lita 105, yaani bidoni tano za lita 20 na kidogo juu yake. Kama kwenda kisimani, kupanga mstari na kurudi kunachukua saa moja, na mtu anabeba bidoni moja kwa safari, hizo ni saa tano kila siku. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanahesabu kwamba familia ina maji ya kiwango cha msingi ikiwa yanatoka mahali palipolindwa na safari nzima, pamoja na mstari, haizidi dakika 30. Maji yakisogea hadi safari iwe ya robo saa, saa tano zinakuwa saa moja na robo.

Saa hizo tatu na zaidi ni za nani? Mara nyingi ni za mama na za mtoto wa kike. Ni mama anayefika shambani jua likiwa limepanda, na binti anayeingia darasani wenzake wakiwa wameanza. Hapa Mangina watu wanaishi na kakao, kahawa na mazao ya chakula. Kakao haiishii kwenye kuvuna: maganda yapasuliwe, mbegu zichachushwe siku tano au sita huku zikigeuzwa, kisha zianikwe na kuchungwa mvua isizikute. Kazi hiyo inataka mikono iliyo nyumbani, si mikono iliyo njiani na bidoni.

Upande wa afya, mfano wa karibu uko Busia, magharibi mwa Kenya. Watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walifuatilia karibu chemchemi 200. Zile zilizojengewa, maji yakatokea kwenye bomba badala ya kuchotwa kwenye dimbwi, uchafu wa kinyesi ulipungua kwa asilimia 66. Kuhara kwa watoto wadogo kulipungua karibu kwa robo. Familia ambayo mtoto wake haharishi, haiuzi kuku wala mbegu ili kununua dawa. Lakini utafiti huo ulionyesha pia kwamba maji yakifika nyumbani, faida ilishuka hadi asilimia 24 tu, kwa sababu yanachafuka tena kwenye bidoni na mtungi. Somo la Ebola la klorini na mikono safi bado lina kazi.

Hata hivyo tusidanganyane: saa zilizookolewa hazigeuki pesa zenyewe. Katika mji wa Tangier, Moroko, watafiti waliona familia zilizopata bomba nyumbani zikipata nafasi ya kupumzika na ugomvi wa maji ukipungua, lakini mapato hayakupanda. Kwetu kuna sababu nyingine nzito zaidi. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni linaishi na mauaji ya raia, na utawala wa kijeshi uliowekwa tarehe 6 Mei 2021 haujayamaliza. Mkulima anayeogopa kufika kwenye kakao yake hawezi kufaidika na saa tatu zaidi za asubuhi. Lakini usalama huohuo unaongeza thamani ya maji ya karibu: mama asiyelazimika kushuka bondeni alfajiri au jioni amepunguziwa hatari. Na wakimbizi wakifika Mangina kutoka vijiji vilivyovamiwa, mstari wa kisima kilekile unarefuka.

Kinachobaki ni swali la matunzo. Mradi ukija na kuondoka, robine huvunjika, nyasi hufunika chemchemi, na watu hurudi mtoni. Chemchemi iliyojengewa haitaki mafuta wala umeme. Inataka uzio, mfereji wa kuondoa maji ya mvua, choo kisichimbwe chini ya mita 30 kutoka hapo, na mtu wa kulipwa kwa kuifanyia usafi na kuitengeneza. Familia 100 zikitoa faranga 500 kwa mwezi, ni faranga 600.000 kwa mwaka. Hazijengi mtandao mpya, lakini zinanunua saruji na robine. Sharti ni moja: hesabu zisomwe mbele ya watu wote, na akina mama, ambao ndio wabebaji, wawe kwenye kamati yenyewe, na si kwenye mstari tu.

Mchango wa raia hauondoi deni la serikali. Kipengele cha 48 cha Katiba kinahakikisha haki ya maji ya kunywa, na sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 imezipa mikoa na serikali za mitaa jukumu la huduma hiyo. Kwa hiyo mkaaji wa Mangina ana haki ya kuuliza viongozi wa komini na wa mkoa: katika bajeti ya mwaka huu, maji yamewekewa faranga ngapi, na chemchemi gani zitatengenezwa? Ebola ilionyesha kwamba maji yanaweza kufika kila mlango watu wakiamua. Wakati huo waliamua wageni, kwa hofu ya ugonjwa. Sasa uamuzi ni wa wenyewe.