Waliochukuliwa Mlima Elgon Waandikwe Majina

Tarehe 28 Februari 2008 Wakenya walishusha pumzi. Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba wa kugawana mamlaka mbele ya Kofi Annan, na baada ya miezi miwili ya moto na damu iliyofuata uchaguzi nchi ikaanza kuhesabu wafu wake. Tume ya Jaji Philip Waki ilikuja kutaja watu 1,133. Lakini huku kwetu, Trans Nzoia na Bungoma, msiba ulikuwa haujaisha. Hata wiki mbili hazikupita tangu mkataba ule, jeshi likapanda Mlima Elgon katika operesheni iliyopewa jina la Okoa Maisha. Wanaume wa Cheptais, Kopsiro na vijiji vya jirani wakaanza kukusanywa, vijana kwa wazee, na kupelekwa kambi ya Kapkota. Wengi walirudi, baadhi yao wakiwa hawawezi kusimama. Wengine hawajarudi mpaka leo.

Miaka imepita, na swali la fidia ya wahanga wa Mlima Elgon huzuka kila msimu wa kampeni kisha likazikwa mara tu kura zinapohesabiwa. Naamini tumekuwa tukilianza swali hilo mwishoni. Kabla ya fidia, na hata kabla ya kesi, serikali ina deni moja ambalo halihitaji mabilioni: orodha rasmi ya watu wote waliopotea mlimani kati ya 2006 na 2008, na cheti kwa kila familia iliyoachwa ikingoja.

Chanzo cha vita vile ni ardhi. Mwaka 1968 Chepkitale, nyanda za juu walikokuwa wakiishi Wamosop, ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Kuanzia 1971 serikali ikaanza kuwahamishia Chebyuk, mahali ambapo ndugu zao Wasoy, Wasabaot kama wao, nao walikuwa na madai. Ugawaji ukafanywa mara ya kwanza, ukarudiwa, ukarudiwa tena, na kila awamu ikaacha watu wenye mashamba yaliyolimwa miaka mingi lakini wasio na karatasi. Awamu ya tatu ndiyo iliyowasha moto. Vijana wa Kisoy wakachukua silaha, wakajiita Sabaot Land Defence Force, yaani SLDF, na Wycliffe Matakwei akawa kamanda wao.

Lazima jambo hili lisemwe waziwazi, kwa sababu wapo wanaosimulia habari za Mlima Elgon kana kwamba zilianza na jeshi. SLDF waliua zaidi ya watu 600. Walitoza kodi ya lazima, walibaka, na walikata masikio watu waliokaidi amri zao. Watu wapatao 66,000 walikimbia makwao, wengine wakaishia Kitale, Endebess na Bungoma, wengine wakavuka mpaka kuingia Uganda. Jeshi lilipofika, wapo wananchi waliolipokea kwa shukrani, na walikuwa na sababu. Mei 2008 Matakwei aliuawa na kundi lake likavunjika. Amani iliyofuata ni ya kweli, na anayeibeza hakulala msituni na watoto wakati ule.

Lakini amani hiyo ilinunuliwa vibaya. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Human Rights Watch zilichunguza mwaka ule ule wa 2008, zikasikia simulizi zilizofanana kutoka kijiji hadi kijiji: wanaume kupangwa mistari, watoa habari waliofichwa kuonyesha nani ni nani, vipigo, na malori na helikopta zilizoondoka na watu. Wizara ya Ulinzi ilikanusha. Ripoti nyingine ya Human Rights Watch, ya 2011, ilitaja watu zaidi ya 300 waliopotezwa, wengine wakiwa walichukuliwa na SLDF na wengine na vyombo vya usalama. Hesabu hizi ni za mashirika. Serikali yenyewe haijawahi kuketi ikaandika jina la kwanza, la pili, la tatu, mpaka mwisho.

Njia za kawaida za haki zilijaribiwa. Mwaka 2010 shirika la haki za binadamu la IMLU lilipeleka kesi ya Mlima Elgon katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Likashinda hatua ya awali, kisha Machi 2012 majaji wa rufaa wakaitupa kesi kwa sababu haikufunguliwa ndani ya miezi miwili inayotakiwa na Mkataba wa Jumuiya. Miezi miwili! Mtu ambaye hata hajui mumewe yuko gereza gani angewezaje kufunga safari ya Arusha ndani ya miezi miwili? Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano nayo ilipokea ushahidi wa mlimani, ikakabidhi ripoti yake kwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013. Kabla ya mwaka kwisha Bunge likabadilisha sheria ili ripoti ijadiliwe kwanza bungeni, na huko ndiko ilikokwama. Machi 2015 Rais akaomba radhi kwa niaba ya dola na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Wajane wa Mlima Elgon bado wanauliza mfuko huo unafunguliwa wapi.

Hapo ndipo ninaposisitiza suala la orodha, maana wakati wakubwa wanabishana juu ya mabilioni, mjane wa kawaida amekwama kwenye jambo dogo linalomtesa kila wiki. Mume wake si hai na wala si marehemu. Ana kitambulisho chake, amekifunga kwenye karatasi ya nailoni pamoja na picha ya pasipoti na kadi ya kliniki ya mtoto aliyezaliwa baada ya baba kuchukuliwa. Akitaka kurithi shamba, anaambiwa alete cheti cha kifo. Akienda kuomba cheti cha kifo, anaulizwa kibali cha mazishi. Hakuna mazishi yaliyofanyika. Shemeji zake wanamwambia asubiri, na wakati anasubiri wanasogeza ua. Mtoto akiomba basari ya yatima, fomu inataka uthibitisho kwamba baba amekufa.

Sheria ina mlango, ingawa ni mwembamba. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama kuchukulia kwamba mtu amekufa ikiwa hajasikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake. Kwa watu wa Mlima Elgon, miaka hiyo ilitimia zamani. Shida ni jinsi ya kuufikia mlango wenyewe. Unahitaji wakili, nauli ya kwenda Bungoma au Kitale mara kadhaa, barua ya chifu, na mara nyingi ushahidi kwamba uliripoti polisi. Nani aliripoti polisi Machi 2008? Kumtaka mwanamke aende kituoni kuwaambia watu wa serikali kwamba mumewe amechukuliwa na watu wa serikali, wakati malori bado yanapita, ni kumtaka ahatarishe na wanawe waliobaki. Wengi walinyamaza, na sasa kunyamaza kule kunahesabiwa dhidi yao.

Tazama wenzetu walivyofanya. Septemba 11, 2001 Marekani ilipigwa pigo ambalo kila Mmarekani aliyekuwa na akili zake siku ile anakumbuka alikuwa wapi. New York peke yake walikufa watu 2,753, na wengi wao hawakuacha mwili wa kuzika. Kabla ya mwezi ule kwisha, jiji lilikuwa limeweka utaratibu wa haraka wa kuwapa jamaa vyeti vya kifo bila mwili, mawakili wakiwasaidia kujaza hati za kiapo. Siku 11 baada ya shambulio, sheria ya mfuko wa fidia ilikuwa imetiwa saini. Kila mwaka majina yote husomwa kwa sauti, moja moja. Na ofisi ya uchunguzi wa vifo ya jiji ingali inapima vipande vya mifupa kwa vinasaba, kwa kuwa takriban wanne katika kila kumi bado hawajatambuliwa.

Siwatolei Wamarekani mfano kwa kuwaona wema kuliko sisi. Hasira ya siku ile iliwapeleka Guantánamo na kwenye mateso ambayo nao hawajayatolea hesabu kamili. Na ubalozi wao ulipolipuliwa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, walikufa watu 213, Wakenya wakiwa wengi kupindukia, lakini Sudan ilipokuja kulipa dola milioni 335 katika makubaliano na Marekani, maelfu ya Wakenya waliojeruhiwa barabarani na katika majengo ya jirani waliachwa nje. Huruma yao nayo ina mipaka ya pasipoti. Ninachochukua kwao ni kimoja: walianza na majina. Kila kilichofuata, pesa, kesi, makumbusho, kilisimama juu ya orodha ambayo hakuna mtu awezaye kuikana.

Zipo hoja za kupinga, na si za kipuuzi. Wazee wengine wanasema tukifukua mambo haya tutarudisha chuki kati ya Wasoy na Wamosop, na kati ya Wasabaot na majirani zao Wabukusu, watu ambao leo wanauziana mahindi na kuoana. Naiheshimu hofu hiyo. Lakini chuki haikuzikwa. Iko katika kila kesi ya mpaka wa shamba na katika kila uchaguzi wa wadi. Wengine wanasema orodha itajaa majina ya uongo ya watu wanaonusa pesa. Ndiyo maana nasema orodha itenganishwe na fidia tangu mwanzo, jina likubaliwe kwa ushahidi wa majirani hadharani katika baraza, siyo kwa fomu iliyojazwa gizani.

Hoja nzito zaidi ni hii: je, jina la kijana wa SLDF aliyekamatwa na jeshi asirudi liandikwe karibu na jina la mtu ambaye SLDF walimtoa nyumbani usiku? Jibu langu ni ndiyo. Orodha haimtakasi mtu wala haimhukumu. Inasema tu kwamba huyu alikuwa raia wa Kenya, alichukuliwa siku fulani mahali fulani, na hajaonekana tena. Kama alikuwa muuaji, alipaswa kupelekwa mahakamani Bungoma, na mama yake alipaswa kujua kaburi lilipo.

Wala tusiambiwe kwamba uwezo haupo. Tangu 2023 serikali hii imefukua zaidi ya miili 400 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, na kuchukua vinasaba vya jamaa waliokuja kutoka kila pembe ya nchi. Kama iliwezekana Kilifi, itawezekana katika misitu ya Elgon. Agosti 2025 Rais William Ruto alitangaza mpango wa kuwafidia wahanga wa maandamano kuanzia 2017. Hata kama mpango ule ulipingwa mahakamani, umeonyesha kwamba serikali ikitaka kuhesabu waathiriwa hupata njia. Kwa nini kalenda ianzie 2017? Na mwaka ule ule wa 2017 Bunge lilipitisha sheria ya huduma ya wachunguzi wa vifo vyenye utata, ambayo ingekuwa chombo halisi cha kazi hii. Imeachwa kwenye kabati.

Mabunge ya kaunti za Bungoma na Trans Nzoia hayana mamlaka juu ya jeshi, lakini hakuna sheria inayoyazuia kuunda kamati, kwenda Cheptais, Kopsiro, Kaptama na Endebess, kuandika majina na kuyakabidhi kwa Tume ya Haki za Binadamu. Mahakama za Bungoma na Kitale zinaweza kutenga wiki moja kusikiliza maombi ya kifungu cha 118A kwa pamoja, bila ada, na Chama cha Mawakili kikatoa wanachama wa kujitolea. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji kungoja Nairobi.

Nawe msomaji, ikiwa ndugu yako alichukuliwa, usingoje kuitwa. Andika jina lake kamili, namba ya kitambulisho, siku na mahali alipochukuliwa, nani waliomchukua na nani waliona. Walioona nao waweke saini zao sasa, wakiwa hai na wakiwa bado wanakumbuka. Toa nakala, moja mpe mtoto aliye mbali na nyumbani, na nyingine ipeleke kwa mwakilishi wa wadi yako umwambie akupe risiti.