Risala ya Wasomaji wa Katuni wa Kilosa na Mikumi kwa Waandishi na Wachoraji wa Mashujaa

Ndugu waandishi, wachoraji na wahariri,

Sisi wasomaji wa Kilosa na Mikumi tunaazimana jarida moja mpaka jalada linachanika, na siku hizi tunasoma kwenye simu tukisubiri basi. Tunawasilisha kilio chetu kuhusu joho la shujaa linapohama bega.

Kurithi si jambo geni kwetu. Kwa Wakaguru, mpwa hurithi kwa mjomba. Kwa majirani zetu Waluguru, chifu akisimikwa huitwa Kingalu kama waliomtangulia. Hata katuni zetu zinajua hilo: mchoraji Philip Ndunguru alifariki mwaka 1986, lakini wahusika wake Ndumilakuwili na Lodi Lofa wakaendelea katika jarida la Sani kwa kalamu za wengine. Msomaji alikagua pua za wahusika kwanza, akanung'unika kuwa mkono si ule, kisha akacheka.

MALALAMIKO

1. Mnarithisha kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Barry Allen, yule shujaa Flash, alikufa mwaka 1985. Wally West, mtoto wa kaka wa mkewe, akalivaa joho zaidi ya miaka 20. Mwaka 2008 Barry akafufuliwa, Wally akasogezwa pembeni.

2. Mnampaka matope mkongwe ili mgeni ang'ae. Mwaka 1994 Hal Jordan, yule shujaa Green Lantern, aligeuzwa adui wa wenzake, pete ya nguvu ikaenda kwa mgeni Kyle Rayner.

MADAI

1. Mrithi apewe mtaa wake na uwezo wake. Miles Morales, aliyeanza kuwa Spider-Man mwaka 2011, ana Brooklyn yake, na anaweza kujificha machoni pa watu, jambo ambalo Peter Parker, Spider-Man mkongwe, haliwezi. Ndiyo maana Spider-Man wawili wanaenea ukurasa mmoja.

2. Tuonyesheni joho likimpwaya mrithi mabegani siku ya kwanza, na tumwone akilipunguza mwenyewe, mshono kwa mshono.

3. Mkongwe akirudi, akae barazani na wazee: ashauri, asidai nguo.

Ndugu zetu, jarida tunaloazimana hurudi kwa mwenyewe, hata likirudi bila jalada. Joho mlilomrithisha mtu si la kuazima. Mwacheni alichakaze.

Tunaomba kuwasilisha.

Wasomaji wa Kilosa na Mikumi