Mtunzi na Mawe

"Mtunzi na mawe wapi na wapi?" Ndivyo wanavyonikebehi waandishi wenzangu tangu wajue kuwa nasoma jiolojia ya mazingira, kozi ya chuo, kwa njia ya intaneti. Eti hela ya bando ningenunulia riwaya.

Jamani, tusidanganyane! Hadithi zetu zimejaa mafuriko, na zote zinaishia "kazi ya Mungu." Kwani Mungu ndiye aliyejenga nyumba ndani ya bonde la Msimbazi? Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh likaua watu zaidi ya 80. Mlima ule ni volkano ya kale; miamba yake dhaifu ilinyonya mvua hadi ikaporomoka. Haya yana maelezo, bwana.

Tazama meno ya kahawia ya watu wa Arusha. Ni floridi, ambayo maji huibeba yanapopita kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nani kati yenu amemchora mhusika mwenye meno hayo bila kumfanya mchafu?

Wengine wanadai jiwe halisomwi kwenye kioo cha simu. Sawa, halishikiki. Lakini jiwe lenyewe si liko hapo nje mlangoni? Tulichokosa ni mtu wa kutufundisha namna ya kuliuliza.

Anayeandika maafa bila kutafuta chanzo chake anamfichia mkosaji. Chekeni mtakavyo, mimi nasoma.