MASHAURI KWA JAMAA: Bursi Haikuje Yenyewe



Kila mwaka matokeo ya egzame ya Leta yakitoka, katika nyumba nyingi za Musonoi furaha iko ya siku moja tu. Kesho yake swali linaingia: nani atalipa universite?

Wazee wanakumbuka wakati mwingine. Mu 1971 universite zote za inchi ziliunganishwa kuwa moja, UNAZA. Mu 1981 zikatengana tena: Lubumbashi, Kinshasa na Kisangani. Wakati ule mwanafunzi alipokea bursi ya Leta, na Gécamines ilisomesha watoto wa wafanyakazi wake. Kiisha mgodi wa Kamoto ulianguka mu 1990, mishahara ikakawia, na bursi nayo ikapotea pole pole. Leo Katiba ya 2006, artikeli 43, inasema shule ya msingi ya Leta ni ya bure. Universite haimo.

Basi, msaada umekwisha? Hapana. Bursi ziko, lakini ni kidogo, na wenye kuziomba ni wengi. Anayekuwa na makaratasi tayari anatangulia.

Kwanza, dosie. Tayarisha mapema hati ya kuzaliwa, mabuleti ya miaka ya mwisho, na karatasi ya shule yenye kuonyesha asilimia, sababu diploma yenyewe inaweza kukawia. Piga kopi, uweke za kwanza nyumbani. Jina liandikwe namna moja po pote: herufi moja tu inaweza kurudisha dosie.

Pili, tangazo. Usingoje kusikia ku soko. Soma mwenyewe ku ofisi: siku ya mwisho, asilimia wanayotaka, na masomo wanayolipia. Ukitoa dosie, omba karatasi ya kushuhudia kwamba wameipokea.

Tatu, kompani. Sheria ya migodi ya 2018 inalazimisha kila kompani inayochimba kutoa kila mwaka 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa mahali. Katika kikundi kinachosimamia pesa hizo wamo wajumbe wa kompani na wa wakaaji. Wazazi, ulizeni mjumbe wenu ni nani, mumwambie habari ya masomo ya watoto. Mukinyamaza, pesa zitafanya kazi ingine.

Ine, wadanganyifu. Mtu akisema, «Leta dola kidogo, nitapitisha jina lako,» ondoka. Pesa ile ingalilipa kopi, mhuri na safari.

Na wakati munangoja jibu, fanyeni hesabu jamaa nzima. Kolwezi iko na universite. Kusoma huku unalala kwenu kunapunguza kodi na chakula. Hesabu hiyo ifanywe kwa binti sawasawa na kwa kijana mwanaume. Asilimia alizozipata ku egzame ni zake, zisioze ndani ya sanduku.