Kabla ya Kumlaumu Mtoto, Itazame Sahani

Katika nyumba za siku hizi, hakuna kitu kinachomtia mtoto mashakani upesi kama sahani ya gemu iliyokwaruzika. Baba ameinunua kwa pesa zake, gemu imekwama nusu ya njia, sahani ikitolewa ina mstari upande wa chini, na hapo hapo hukumu inapita: "Nyinyi watoto hamjui kutunza kitu!" Mtoto akisema hakuigusa, anaongezewa kosa la pili, la kusema uongo. Mimi nasema, wazazi wenzangu, tusiwe wepesi hivyo. Yako makosa ya watoto na yako makosa ya mashine, na kila moja huacha alama yake. Mwenye kutaka haki ataitazama alama kwanza, kisha ndipo aseme.

Wenye umri wanazikumbuka santuri. Sindano ilipita juu ya sahani na kuigusa kila mahali, na kadiri ulivyoipiga ndivyo ilivyozidi kulika. Hakuna aliyelaumiwa kwa hilo, kwani ndivyo chombo kilivyoundwa. Sahani ya gemu haisomwi hivyo. Inasomwa kwa mwale wa mwanga unaopita katika kioo kidogo kilicho chini yake, na wakati inapozunguka hakuna kitu kinachotakiwa kuigusa upande ule. Sahani yenyewe ni plastiki ya unene wa milimita 1.2, na katika zile za aina ya DVD mambo yaliyoandikwa yamo katikati ya unene huo. Basi ikiwa sahani imeingia safi ikatoka na mkwaruzo, ni dhahiri kwamba huko ndani kuna kitu kimeigusa.

Itakuwaje iguswe? Hebu mtazame mtoto anapocheza pia. Pia ikiwa katika mzunguko wake haikubali kuinamishwa, hushikilia kusimama vile vile ilivyo. Na sahani ndani ya mashine ni hivyo hivyo, maana inazunguka maelfu ya mara kwa dakika moja. Mashine ikiinuliwa au kuinamishwa wakati huo, sanduku linakwenda upande mmoja na sahani inataka kubaki pale ilipokuwa. Wanakutana njiani, na sahani inasugua kwenye plastiki iliyo karibu na kile kioo. Kwa sababu inazunguka, alama inayotoka huwa duara kamili, kama iliyochorwa kwa bikari, na mara nyingi imekwenda ndani hata ukucha unaihisi.

Alama za mkono si hivyo. Sahani iliyoachwa sakafuni, ikakanyagwa au ikaburutwa juu ya mchanga, hutoka na mikwaruzo mifupi mifupi inayopishana kila upande bila mpango. Basi hapo mzazi anao ushahidi wa kutosha. Michirizi ya ovyo ovyo, muulize mtoto. Duara moja lililonyooka sawasawa, iulize mashine na uulize imewekwa wapi na nani aliyeisogeza. Pengine ni wewe mwenyewe ulipokuwa ukivuta waya nyuma ya televisheni.

Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu limekwisha kufika mbele ya mahakama kubwa za Marekani. Mashine iitwayo Xbox 360, ya kampuni ya Microsoft, ilianza kuuzwa mwezi wa Novemba mwaka 2005. Haukupita muda mrefu wanunuzi wakaanza kulalamika kwamba sahani zao zinatoka na duara. Gemu moja mpya huko ilikuwa ikiuzwa kiasi cha dola 60, nayo ikishakwaruzika vile haichezeki tena. Mwaka 2007 kesi zikafunguliwa.

Karatasi za kesi zilipowekwa wazi mwaka 2008, ilionekana kwamba watu wa kampuni waliosimamia sehemu ile ya mashine walilijua jambo hilo kabla mashine haijafika madukani. Ilionekana pia kwamba dawa tatu zilifikiriwa: kuongeza nguvu ya sumaku inayoishika sahani, kupunguza kasi ya mzunguko, au kuweka vizuizi vidogo laini ili sahani ikiyumba isiguse mahali pa kuiumiza. Zote tatu ziliachwa. Kilichobaki ni onyo la kumwambia mnunuzi asiisogeze mashine wakati sahani imo ndani. Baadaye kampuni ikatoa nafasi ya kubadilishiwa sahani kwa malipo ya dola 20, lakini kwa gemu zilizotolewa na kampuni yenyewe tu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kampuni nayo ilikuwa na maneno yake. Ilisema waliolalamika ni wachache mno, sehemu nne tu katika kila wanunuzi elfu moja, na kwamba sababu ni matumizi mabaya. Walalamikaji wakajibu kwamba mashine haiwezi kustahimili hata mitikisiko midogo ya matumizi ya kawaida. Mahakama ilikuwa na kazi ya kuamua nani msema kweli. Haikuamua. Mwaka 2009 jaji alikataa wanunuzi wasishtaki kwa pamoja, kwa niaba ya wote. Mwaka 2011 wengine wakaanza upya, na shauri likapanda ngazi kwa ngazi hata Juni 2017 likaamuliwa na Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani. Nayo ilizungumzia njia waliyoitumia walalamikaji kukata rufani, ikasema njia hiyo haikubaliki. Juu ya sahani na mikwaruzo yake haikutoa hukumu.

Miaka kumi ya mawakili, na mwenye sahani iliyoharibika hakuambiwa hata kama alikuwa na haki au hakuwa nayo. Na ni nani atakayemlipa wakili peke yake kwa ajili ya kitu cha dola 60? Ndiyo maana kushtaki kwa pamoja kulikuwa na maana kwao.

Maoni yangu ni haya. Chombo kinachouzwa kiwekwe sebuleni, kichezewe na watoto, lazima kiundwe kwa kujua kwamba watoto wana miguu na mikono. Watapita mbio, watavuta waya, watagonga meza. Mwenye kuunda akijua kwamba mguso mmoja utaharibu sahani, kisha akabandika onyo badala ya kutengeneza, ameihamisha gharama kutoka mfukoni mwake kwenda mfukoni mwa mnunuzi. Onyo ni wema, lakini halilipi.

Katika biashara ya kwetu, kitu chenye aibu huuzwa kwa kutajwa aibu yake. Muuza mbuzi kilema husema huyu ana kilema, na mnunuzi akiridhika wanapatana bei. Dini yetu imekataza kuificha aibu ya bidhaa, na jambo hili kila mtoto wa chuoni amefundishwa. Kwa hivyo sizisemi kampuni za mbali peke yao. Mashine hizi za zamani zingali zikiuzwa mkono wa pili, na aghalabu zinakuja hazina sanduku lake wala kijitabu wala lile onyo. Muuzaji anayejua kwamba mashine yake inakula sahani, akaipangusa vumbi na kusema "hii ni nzima kabisa", hana tofauti na aliyeziacha zile dawa tatu. Na huyu wa kwetu hata onyo hatoi.

Lakini kulalamika peke yake hakutaokoa sahani. Yapo mambo ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya, wala hayana gharama.

Kwanza, mahali. Mashine ilazwe, isisimamishwe wima, hata kama imeundwa kukubali yote mawili, maana iliyosimama huanguka upesi. Iwekwe juu ya meza nzito isiyoyumba, mbali na ukingo. Isiwekwe juu ya mkeka njiani ambako watu wanapita, wala juu ya spika inayotetemeka kwa ngoma. Nyaya zipitishwe ukutani, zisiwe mtego wa miguu.

Pili, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mashine isiguswe wakati sahani inazunguka. Isiinuliwe, isigeuzwe, isisogezwe hata kidogo ili kutafuta tundu la waya. Ikitakiwa kuhamishwa, toa sahani kwanza, zima, kisha ndipo uibebe. Mfundishe mtoto kwa kumpa sababu. Mwonyeshe pia inavyozunguka, umwambie sahani nayo iko hivyo, na utaona atakavyowakemea wenzake.

Tatu, mashine nyingi zenye ghala ya ndani zinaweza kuinakili gemu na kuiweka humo. Xbox 360 yenye ghala hiyo iliruhusu jambo hili tangu Novemba 2008. Sahani bado inatakiwa iwemo ndani kama uthibitisho, lakini haizunguki tena muda wote wa mchezo, na hatari inapungua sana.

Nne, kushika na kusafisha. Sahani ishikwe ukingoni na katika tundu la katikati. Ikitolewa irudi ndani ya kasha lake, isilazwe juu ya televisheni wala kupangwa moja juu ya nyingine kama mikate. Ikiingia vumbi, ipanguswe kwa kitambaa laini cha pamba, kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni. Usiipanguse kwa kuzungusha. Mashine inasoma kwa kufuata duara, na inao ufundi wa kuruka mkato mfupi unaopita kando ya njia yake, lakini mkwaruzo unaofuata njia ile ile ya duara huifunika sehemu ndefu, na hapo ufundi wake unashindwa. Tena usitumie thina wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha, zinaitia plastiki ukungu. Na upande wa picha usidharauliwe. Katika sahani za aina ya CD, kama zile za PlayStation ya kwanza, yaliyoandikwa yako chini kidogo tu ya picha, na mkwaruzo wa upande huo hautibiki.

Tano, wale wanaosugua sahani ili kuiponya. Mkwaruzo mwepesi katika DVD waweza kuondoka kwa mashine ya kusugulia, kwa sababu ipo plastiki ya kutosha ya kupunguzwa. Duara lililokwenda ndani halitoki kwa urahisi, na kila ukisugua unazidi kuipunguza sahani. Ama zile za Blu-ray, zinazotumiwa na PlayStation 3 na zilizofuata, zimefunikwa kwa tabaka la milimita 0.1 tu. Tabaka hilo ni gumu na halikwaruziki ovyo, lakini likishaumia halina nafasi ya kusuguliwa.

Sita, ununuzi wa mkono wa pili. Igeuze sahani chini ya taa, uiinamishe huku na huku, ukitafuta duara. Ukinunua mashine, nenda na sahani isiyokuwa na thamani kwako, icheze dakika kadhaa mbele ya muuzaji bila kuitikisa mashine, itoe, na uitazame. Ikitoka na alama mpya, umepata jawabu kabla pesa hazijatoka mfukoni. Muuzaji mwaminifu hatachukia jaribio hilo.

Wapo watakaosema: haya yote ya nini, na sahani zenyewe zinaondoka? Ni kweli kwamba tangu mwaka 2020 zipo mashine mpya zisizokuwa na tundu la sahani kabisa, gemu unainunua kwa intaneti na kuivuta. Lakini duka la intaneti la Xbox 360 lilifungwa Julai 2024, na tangu hapo gemu mpya hazinunuliwi humo tena. Mwenye sahani yake nzima hakuhitaji kumuuliza mtu. Tena sahani ni mali unayoweza kumwazima jirani, kumpa mtoto wa dada yako, au kuiuza ukapata nauli. Gemu iliyovutwa kwa jina lako hukai nayo hivyo. Kwa nyumba isiyokuwa na pesa za kununua gemu mpya kila mwezi, sahani kumi nzima ni kitu, nazo zitapita mikono mingi zikitunzwa.

Basi nawaomba wazazi wenzangu mambo mawili. Leo jioni itazameni ile mashine pale ilipowekwa, na kama iko ukingoni au njiani, izimeni, toeni sahani, muihamishe. Na siku sahani itakapotoka na mkwaruzo, ichukueni mkaitazame kwenye mwanga pamoja na mtoto. Mkiliona duara, msimpige wala msimwite mwongo.