Gitaa Linapopunguzwa Sauti: Tufundishe Chanzo Kabla ya Dawa

Mada ya sauti katika shule za msingi hufundishwa mara nyingi kwa ngoma, filimbi na mpira uliovutwa juu ya mkebe. Vifaa hivyo ni vizuri, wala hatukusudii kuvidharau. Lakini mtoto wa leo wa Chiwanda, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, au wa kijiji kingine chochote chenye kwaya, hukutana pia na gitaa la umeme. Maoni yetu ni kwamba tatizo moja dogo la gitaa hilo laweza kumfundisha mwanafunzi jambo ambalo masomo yetu huliruka mara kwa mara, nalo ni kutafuta chanzo kabla ya kutoa dawa.

Tatizo lenyewe ni hili. Mpigaji anaporudisha nyuma kizungushio cha sauti kilicho kwenye gitaa, ili waimbaji wasikike, sauti haipungui tu, bali hupoteza na ukali wake. Nyuzi zilizokuwa zikilia waziwazi husikika kana kwamba zimefunikwa blanketi. Katika muziki wa dansi wa nchi yetu, tangu enzi za NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, na za Mbaraka Mwinshehe aliyefariki mwaka 1979, gitaa la solo hujibizana na mwimbaji. Ukali ukipotea, jibu lake huzama.

Hukumu hutolewa upesi: nyuzi zimechakaa, gitaa ni bovu, au kijana hajui kupiga. Fedha za kwaya hununua nyuzi mpya zisizotibu kitu, na pengine kijana huondolewa. Kumbe swali moja lingetosha. Je, kizungushio kikifunguliwa chote, ukali hurudi? Nyuzi zilizochakaa hukosa ukali wakati wote. Ikiwa ukali upo kizungushio kikiwa wazi na hutoweka kikiwa nusu, basi nyuzi hazina hatia, wala vidole vya kijana havina hatia.

Chanzo ni nini basi? Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa koili ya waya mwembamba. Uzi ukitetemeka, umeme mdogo huzaliwa katika koili, hupita kwenye kizungushio, kisha husafiri kwa waya hadi kwenye amplifaya. Waya huo una njia mbili, ya katikati na ya nje, zilizotenganishwa na plastiki. Kwa hiyo wote mzima ni kapasita ndogo, ya takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Kapasita hupitisha mitetemo ya kasi kwa urahisi kuliko ya polepole, na kwa njia hiyo sauti kali huvuja kabla ya kufika kwenye amplifaya. Kizungushio kikiwa wazi, uvujaji huo ni mdogo. Kikirudishwa, ukinzani mkubwa huingia kati ya koili na waya, na uvujaji huzidi. Kwa kizungushio cha kiloomu 500 kilichofika katikati ya ukinzani wake, pamoja na waya wa mita 6, mitetemo inayozidi takriban 2,000 kwa sekunde huanza kufifia.

Tarakimu hizo ni za mwalimu. Kazi ya wanafunzi ni kusikiliza na kulinganisha. Kwanza, uzi mmoja upigwe kizungushio kikiwa wazi, kisha kikiwa nusu, huku amplifaya ikiongezwa ili sauti zilingane kwa ukubwa. Sharti hili lisisahauliwe, kwani Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio lenyewe husikia sauti nzito na sauti kali kwa udhaifu zaidi zikiwa ndogo. Pili, waya mrefu ubadilishwe kwa mfupi, pasipo kugusa kingine chochote. Tatu, gitaa liachwe wazi na sauti ipunguzwe kwenye amplifaya. Kila mara kibadilishwe kitu kimoja tu, na darasa liseme limesikia nini kabla mwalimu hajasema.

Baada ya hapo dawa hujitokeza zenyewe: kutumia waya mfupi, au kupunguza sauti kwenye amplifaya. Mpigaji anayehitaji kizungushio cha gitaa anaweza kuomba fundi aunganishe kapasita ya pikofaradi 1,000 hivi, kutoka mguu wa kizungushio unaopokea umeme wa koili hadi mguu wa kati. Mitetemo ya kasi hupata njia ya mkato. Kapasita peke yake yaweza kuifanya sauti iwe nyembamba mno, ndiyo sababu mafundi wengi huiwekea rizista ya kiloomu 150 hivi sambamba nayo. Redio mbovu yaweza kutoa vipuri vyote viwili. Gitaa lichomolewe kwanza, na amplifaya isifunguliwe na mwanafunzi kamwe, kwani kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuzimwa.

Wapo wenzetu wasemao kwamba somo hili limezidi kimo cha shule ya msingi. Hatukubaliani nao. Mtoto hahitaji hesabu ili atambue kwamba waya umebadilishwa na sauti imebadilika. Anachohitaji ni mwalimu asiyeharakisha kumpa jibu.

Ninyi mnaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha mtakutana na hukumu za namna hiyo hiyo darasani. Mtoto aliyejibu vizuri akiwa mbele hunyamaza akihamishiwa nyuma, naye huitwa mzito. Kabla ya kuliandika neno hilo katika ripoti yake, mrudisheni mbele, msibadilishe kitu kingine, kisha mmwulize tena.